Mwenye Kanda Saba wa Ole

Yule mchambuaji karafuu wa Ole, binti wa mchumaji asiyewahi kuanguka mkarafuuni, mjukuu wa mkunga aliyezalisha mtaa mzima, alimpikia mwalimu wa Kiingereza miaka minne, akaachiwa kanda saba. Zote ni michezo ya kuimba ya mtungaji mmoja wa huko Uingereza, wa karne iliyopita. Redio huiweka juu ya kinu alichokipindua, akakaa mkekani kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, wala mkono hauangalii. Kiingereza hakijui, ila anajua nani atakufa.

"Anasema nini huyo, mama?" aliuliza siku moja mkamwanawe, Asma.

"Anamjibu mkewe. Nyamaza."

Mwaka huu redio ilitafuna kanda ya tatu, pale wanawake wa mchezo wanapomwitikia mjane. Akaikata, akaiunga, lakini itikio lilikwisha potea. Siku mbili hakuwasha kitu. Ya tatu aliwafundisha wachambuaji wenzake itikio lote kwa kichwa, kama wanavyofunzana nyimbo za harusi. Kanda ikifika kwenye kiungo huizima, huanzisha yeye, wakamfuata, kisha huiwasha. Asma alicheka mara moja tu. Aliangaliwa.

Juzi alianzisha, sauti ikamkauka. Alikohoa, akajaribu tena, haikutoka. Wanawake wakaacha karafuu mikononi. Akaisogeza redio mpaka kwenye magoti ya Asma.

"Kuanzia leo unaanzisha wewe," alisema kwa kunong'ona. "Na mngoje mjane amalize. Amefiwa yule, usimharakishe."