Rilei Niliyoipeleka Makongeni

Niliondoka Murang'a Jumatatu nimefura kwa hasira. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wiki moja kabla, dereva wa pikapu yetu ya maziwa, Wafula, alikuwa amekataa kutoka alfajiri. Alisema taa za mbele haziwaki kwa sababu rilei imekufa, yaani kile kijisanduku kinachopitisha umeme wa taa ukibonyeza swichi. Mimi niliitegea sikio, nikabonyeza, ikalia tik. Kwetu sote tulipima hivyo: ikilia, ni nzima. Nikamwita mvivu mbele ya wakulima, nikamfukuza. Kamati ya maziwa ikanijia juu: lete ushahidi, au mrudishe Wafula kazini. Ushahidi! Kana kwamba sina masikio!

Saa nne nilikuwa Nairobi, Industrial Area. Fundi wa kwanza aliitikisa rilei, akasema, "Hii iko poa, mzee." Nikamtaka aniandikie hivyo kwenye karatasi. Akacheka, akarudi chini ya lori lake. Mpuuzi!

Saa saba nilifika Makongeni, kwa Odhiambo, fundi wa umeme wa magari.

"Inalia," nilimwambia. "Sikiza mwenyewe!"

Hakusikiza. Alisoma namba kwenye miguu ya rilei, akaunga 85 na 86 kwenye betri. Tik.

"Umesikia?" nikafoka.

"Pole pole, mzee. Hiyo ni sumaku tu imevuta. Moto wa taa haujapita."

Akaleta umeme kwenye 30, akafunga balbu kwenye 87. Tik ikalia tena, balbu haikuwaka. Nilimkaripia, akarudia mara tatu. Akaweka rilei nyingine, balbu ikawaka. Kisha akaibandua yangu kifuniko: vile vibati vya ndani vinavyogusana vilikuwa vimeungua, vyeusi tititi.

"Dereva alikwambia nini?" akauliza.

Nikatoa pesa, nikanunua rilei mpya. Nilijichukia vibaya sana.

Saa kumi nilibisha hodi kwa kaka yake Wafula, mfanyakazi wa reli, nyumba chache kutoka hapo, ambako nilisikia Wafula amehamia. Wafula mwenyewe alinifungulia, akanimiminia chai.

"Nimekosa," nikasema. "Twende nyumbani, kazi ni yako."

"Asante, mzee, lakini nimeshapata kibarua kiwandani. Wewe waambie tu wale watu mimi si mvivu."

Jumatano alfajiri niliendesha mwenyewe, rilei mpya, taa zikiwaka vizuri. Wakulima walikuwa wamepanga madebe yao kando ya barabara. Nikashuka, nikawaambia kwamba Wafula alisema kweli na mimi nilimsingizia, na kwamba rilei hupimwa kwa balbu, si kwa sikio.

Mama mmoja akatua debe lake, akanikazia macho.

"Mtu aliyesukuma hii gari matopeni mvua yote, awe mvivu? Kwamba si mvivu tulijua zamani. Sasa yuko wapi?"

Madebe yalikuwa mengi, na wa kuyapakia nilikuwa peke yangu.