Wifi Yangu na Magoti ya Norderhamm

Wifi yangu Gesine Harms hupima hospitali bila kukanyaga wodi. Watu wa hapa Norderhamm wakimuuliza anafanya kazi gani, huwajibu, "Nasoma bili," nao huitikia "Aha," kisha hurudi kwenye habari za ng'ombe na mvua. Mimi nimeolewa na kaka yake, Onno, na nimekaa nao miaka ya kutosha kuota mvi, lakini hata mimi nilichukua muda kuielewa kazi hiyo. Kwa hiyo siwacheki sana.

Kazi yenyewe ni hii. Ukitibiwa hapa Ujerumani, hospitali haikudai wewe, inaudai mfuko wako wa bima. Inaandika: mtu wa umri huu, ana sukari, kawekewa goti bandia la kushoto, kalazwa, karuhusiwa. Bili inalipwa, na kwa wengi habari imekwisha. Kwa Gesine, anayeifanyia mifuko hiyo kazi, ndipo inapoanza. Hukaa na bili za hospitali chungu nzima, majina yamefichwa na kila mtu ni namba tu, akauliza: huyu aliyewekewa goti mwaka jana, yuko wapi leo? Amepasuliwa tena goti lilelile? Amelazwa kwa sababu ya usaha? Yu hai? Halafu huilinganisha kila hospitali na nyingine zilizotibu watu wa hali hiyohiyo, ili inayopokea wazee na wagonjwa zaidi isionewe. Akishakagua kitu mara mbili, hata umpigie kelele hatikisiki. Tabia hiyo hunikera mezani na hunifurahisha kwingine kote.

Mwaka huo mama yao, Traute, alikuwa amepangiwa kubadilishiwa goti la kulia katika hospitali ya hapahapa mjini. Wa kumpasua alikuwa daktari Hinnerk Poppinga, mkuu wa wodi ya mifupa, ambaye ameimba naye kwaya moja tangu ujana wao na ambaye kila Jumapili alasiri huja kwake kunywa chai. Mama alikuwa akishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume kwa maumivu, ameng'ang'ania reli kwa mikono miwili. Lakini hospitali nyingine hakutaka hata kuisikia.

"Nimruke Hinnerk niende Oldenburg?" alikuwa akisema. "Kanisani nitamtazama kwa macho gani?"

Gesine hakusema kitu, na mimi namjua, kimya kile hakikuwa cha bure. Nikambana jikoni.

"Wifi, kuna nini na Hinnerk?"

"Siwezi kusema."

"Basi kuna kitu."

"Nimesema siwezi kusema. Sijasema kuna kitu."

"We Gesine! Yule ni mama yako, si namba!"

"Matokeo yanaanzia hospitali, wayakague, wajibu. Wakishajibu yanatangazwa kwa kila mtu. Mimi nikimnong'oneza mama yangu, mama wa mwenzangu atanong'onezwa na nani? Barua ya matokeo wameshaipata. Hinnerk si mwizi, atajibu."

"Na asipojibu mpaka mama kalazwa?"

"Atajibu," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Nilikasirika, siwafichi. Ningekuwa mimi ningemfungia mama ndani na kuumeza ufunguo.

Hinnerk alijibu kweli, ila si kwa barua. Alikuja Jumapili ile kama kawaida yake, siku mbili kabla ya mama kulazwa. Chai ilikuwa mezani. Hapa kwetu unatia bonge la sukari chini ya kikombe, unamimina chai juu yake, unadondosha malai pembeni, wala hukorogi. Mwenye nyumba humimina tena na tena bila kuuliza, mpaka mgeni atie kijiko chake ndani ya kikombe. Hapo ametosheka, na hakuna neno linalohitajika. Nilipokuwa bibi arusi hakuna aliyeniambia. Nilikunywa mpaka nikahisi chai inanifika kooni, na mama mkwe akiendelea kumimina kwa furaha, akifikiri Onno ameoa mwanamke mwenye kiu ya ajabu.

Siku hiyo Hinnerk hakugusa kikombe.

"Gesine, umenitukana," akasema.

"Hayo tuyazungumze ofisini, Daktari."

"Ofisi gani! Nimekubeba mgongoni huna hata meno ya mbele. Tutazungumza hapahapa, mbele ya Traute, maana keshokutwa namfungua goti. Eti wagonjwa wangu wanaopasuliwa tena ni mara mbili ya wa wenzangu. Wangu mimi! Nawaona sokoni, nawaona kanisani, nawauliza goti vipi, wananiambia zuri. Hakuna anayerudi kwangu. Hakuna!"

"Najua hawarudi," Gesine akajibu. "Kwako hawarudi. Bili zao zinatoka Oldenburg."

Hinnerk akawa mwekundu mpaka masikioni. Ni mtu mzuri, lazima niseme. Ndiye aliyemshona Onno kidole usiku wa Krismasi bila kunung'unika. Lakini ukimwambia mtu mzuri kwamba kazi yake ina kasoro, anaumia kuliko mtu mbaya.

"Mnahesabu goti la pili!" akapata la kusema. "Mtu nimemtengeneza la kushoto, mwakani anaenda kwingine kutengenezewa la kulia, nyie mnaandika Poppinga kaharibu. Kosa la kitoto!"

"Zamani tulilifanya kosa hilo, ni kweli. Siku hizi bili inaandikwa upande. Kushoto tunaangalia kushoto, kulia tunaangalia kulia. Zisizo na upande nimezitoa zote."

"Wazee wangu wanene. Wana sukari. Wanakamua ng'ombe mpaka siku ya kuzikwa."

"Na wa wilaya ya jirani wanakamua paka? Nimekulinganisha na wazee wanene wenye sukari, Daktari. Bado ni mara mbili."

Mimi nilijifanya napanga biskuti. Hazikuwa zinahitaji kupangwa.

"Namba!" Hinnerk akagonga meza. "Namba haijui sura ya mtu. Mimi nawajua kwa majina, na mama zao, na mbwa wao. Nitajie mmoja. Mmoja tu!"

"Siwezi. Sina majina. Na ningekuwa nayo nisingekutajia."

"Umeona!" Akamgeukia mama mkwe, uso umemchanua kwa ushindi. "Traute, mwambie mwanao."

Mama alikuwa ameshika birika la chai muda wote huo. Akaliweka chini polepole.

"Antje," akasema.

"Antje yupi?"

"Mdogo wangu. Antje wetu."

"Antje mzima! Nilimuuliza Krismasi, akaniambia..."

"Alikwambia zuri, ndiyo. Alikuwa ameshapasuliwa tena Oldenburg tangu wakati wa kupanda viazi. Goti lilijaa usaha. Akatuomba tusikwambie, akasema utaumia bure. Na Focko anayeimba besi pembeni yako. Na mke wa mwoka mikate. Mji mzima unajua, Hinnerk. Asiyejua ni wewe tu."

Hapo nilimwona wifi yangu akitikisika kwa mara ya kwanza. Namba zake alizijua zote, lakini hakujua kwamba moja kati yake ni mama yake mdogo.

"Mama! Ulijua yote hayo, na bado ulikuwa unaenda?"

"Ningefanyaje? Kanipangia tarehe yeye mwenyewe."

"Ungesema hapana!"

"Kwa Hinnerk?" mama akauliza, na alishangaa kwelikweli.

Nilitaka kupiga kelele. Watu hawa wako tayari kutoa mguu ili mwenzao asione haya. Nilimpenda mama mkwe wangu sana dakika ile, na nilitamani kumtikisa mabega mpaka kofia ya kanisani imdondoke.

Hinnerk alikaa akimtazama mama. Kisha akachukua kijiko, akakitia ndani ya kikombe ambacho hakuwa amekinywa hata tone, akasimama.

"Keshokutwa hulazwi, Traute," akasema. "Wewe wala mwingine."

Alitimiza. Magoti yalisimamishwa wiki ileile, na mwenye kusimamisha alikuwa yeye. Wiki kadhaa baadaye yeye na Gesine walikaa ofisini, safari hii bila chai, wakapekua faili moja baada ya jingine. Tatizo lilikuwa la kawaida tu: magoti yalikuwa machache na madaktari wa kuyapasua wengi. Kila mmoja alipewa lake asilalamike, na hakuna aliyefanya ya kutosha mkono ukazoea. Adabu ileile ya chai ilikuwa imeingia mpaka chumba cha upasuaji. Waliamua magoti yaende Oldenburg, na Norderhamm ibaki na nyonga zilizovunjika. Kwenye nyonga, bili zilezile zilionyesha kwamba wagonjwa wa Hinnerk walipona vizuri kuliko wa karibu wilaya nzima. Gesine alimwambia hilo bila kumpaka mafuta, na ndiyo maana aliliamini.

Nilimuuliza wifi yangu kama hakuogopa siku zile akisubiri jibu.

"Niliogopa goti la mama," akasema. "Namba sikuziogopa. Na Hinnerk nilijua atasimama, ayaache magoti. Nilichokuwa sijui ni atasimamishwa na nani."

Mama alipasuliwa Oldenburg kabla ya Krismasi. Masika yalipoingia Hinnerk akaanza kuja tena Jumapili, na Jumapili ya kwanza hatukujua tuweke wapi macho. Mama akammiminia. Akanywa kikombe, akanywa cha pili, ndipo akauliza bila kumtazama:

"Goti vipi, Traute?"

"Zu..." mama akaanza. Gesine akakohoa. Mama akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akavuta pumzi ya mtu anayeingia maji ya baridi.

"Linauma nikishuka ngazi," akasema. "Usiku linawaka moto. Na ukitaka yote, Hinnerk, chai unayoniletea Krismasi inanuka sabuni, na tangu Pasaka ya mwaka juzi unaimba juu ya sauti yangu."

Onno akapaliwa. Mimi nikasubiri kijiko kiingie kikombeni. Hinnerk akakisukuma kijiko mbali, na machozi yakamlenga, na sijapata kumwona mtu aliyefurahi kiasi kile.

"Ngazi zipi?" akauliza. "Njoo unionyeshe."

Akamshika mkono wakaenda kwenye ngazi, mlango wakauacha wazi. Tukawasikia wakipanda, yeye akihesabu kwa sauti, mama akimwambia anyamaze. Kisha mama akashuka, hatua kwa hatua, akilalamika kila ngazi, na safari hii uso wake ukitutazama sisi.