Geti la Simba Limemnyima Mwanangu Ruzuku

Kwa heshima na taadhima nawatangazia wafuasi wote wa ukurasa huu kwamba wale simba wawili wa saruji juu ya geti letu wamepakwa rangi upya. Ya dhahabu. Mmoja alikatika sikio wakati wa mvua, ametibiwa na anaendelea vizuri. Admin, jina langu lifiche, ila simba waache. Huku Marangu mageti ya hivyo ni mengi, hakuna atakayetujua.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne. Mume wangu ni mpagazi, anawabebea wageni mizigo mlimani. Msimu ukiisha anabeba majani ya ng'ombe. Ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mama yake. Kaka yake yuko Dar. Ndiye aliyejenga nyumba kubwa yenye geti, analala humo wiki ya Krismasi, halafu anafunga na kuondoka na funguo. Sisi tuko chumba cha nyuma, kilichojengwa kiwe stoo.

Mtoto wetu ana miaka saba. Ana mtindio wa ubongo. Hakai bila kuegemezwa, haongei, ila akicheka unasahau ulikuwa unalia nini. Hospitali kule Moshi walisema anahitaji mazoezi ya viungo kila wiki na kiti maalumu. Nauli yenyewe inatushinda, kiti ndiyo usiseme. Kwa hiyo niliposikia serikali inaandikisha kaya maskini, na mwenye mtoto mlemavu anaongezewa ruzuku, nilimbeba mgongoni mpaka ofisi ya kijiji.

Kwa wasiojua, jina halipitishwi ofisini. Linasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, kama ndoa inavyotangazwa kanisani: mwenye pingamizi aseme.

Mtendaji wa kijiji aliposoma jina la mume wangu, jamaa mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Yupi, yule wa geti la simba? Mae! Basi niandikeni na mimi, langu ni la mabati!"

Mwingine akamdakia mume wangu kana kwamba ni chifu, "Mangi, si uuze simba mmoja?"

Watu wakacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka.

Nikasimama, nikasema nyumba si yetu, tunalala stoo, na mtoto mwenyewe huyu hapa. Nadhani wangekubali. Ndipo mama mkwe akainuka, na kitenge chake cha kanisani.

"Ukoo huu haujawahi kuombaomba," akasema. "Na mjukuu wangu si mlemavu. Anachelewa tu kutembea. Hata baba yake alichelewa."

Nani atabishana na bibi wa mtoto? Jina likakatwa.

Msimchukie haraka. Ni yeye anayemlisha mtori kijiko kwa kijiko nikiwa shambani, na kila asubuhi anamkanda miguu kwa samli. Tulipokuwa tunamenya ndizi nikamuuliza, "Mama, kwa nini?" Hakunitazama.

"Ukishamwandikisha serikalini kwamba ni mlemavu, umemkatia tamaa. Mimi bado."

Nikachukua ndizi nyingine nikaendelea kumenya.

Nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Akasema naweza kukata rufaa mkutano ujao, ila mwenye nyumba athibitishe kwamba ni yake. Mume wangu akampigia kaka yake, akafungua spika. Shemeji akaniambia mimi, kwa upole kabisa: "Shemeji, huko watu wananijua. Mkitangaza kwamba ndugu zangu ni kaya maskini, basi mtafute na maskini wenzenu wa kukaa nao."

Mume wangu akajibu, "Sawa, kaka," akachukua panga akaenda kukata majani.

Nishaurini. Nisimame tena mkutanoni, niseme mbele ya mama mkwe kwamba mwanawe mkubwa hatusaidii na mjukuu wake hatatembea, halafu tukose pa kulala? Au ninyamaze niendelee kumbeba, naye kila siku anakuwa mzito? Aliyepitia hili aniambie. Matusi sitaki, hapa nyumbani yapo ya kutosha.

Afisa aliniambia pia kwamba awamu hii imeshajaa. Hata tukikubaliwa tutasubiri ijayo, na hajui itaanza lini.