Gari la Baba Kupanda Nakasero

Mjomba alikuwa amekwisha kukodi gari jeupe la kumpeleka dada yangu harusini. Lile la marehemu baba, alisema, lingetuaibisha mlimani, maana kila lilipopanda Nakasero injini iligonga kama sufuria lenye kokoto.

Mimi nilijua kasoro yake. Cheche za plagi zilikuwa zinawahi, zinawasha petroli pistoni ikiwa bado inapanda. Fundi alikuwa amezipanga gari likiunguruma uani kwetu Bukoto, na uani ni tambarare. Gari la Kampala hupangwa kwa mlima.

Dada aliketi kiti cha mbele cha gari la baba, hina mbichi mikononi, viganja juu kama anayeomba dua.

"Nikilisukuma gari hili na hina yangu, utanitambua."

"Wewe sikiliza tu, bibi harusi."

Tukaenda kulijaribu Nakasero; tulipoanza kupanda mlima, likagonga. Nikaegesha kando, nikafungua boneti, nikalegeza nati ya distribyuta inayogawa cheche, nikaizungusha distribyuta yenyewe upana wa ukucha ili cheche zichelewe, kisha nikakaza. Tukashuka, tukapanda tena. Liligonga kwa mbali. Nikaizungusha tena, safari hii kidogo zaidi.

Tulipopanda sasa, injini ilitoa sauti moja nene, tulivu, kutoka sokoni chini ya mlima hadi juu kabisa. Nilimtazama dada. Alikuwa amefumba macho.

"Baba alikuwa akiliendesha hivi hivi," alisema. Kisha akanielekezea simu kwa kidevu, mikono bado juu. "Mpigie mjomba. Mwambie lile jeupe apande yeye."