Ijumaa ya Samaki Gilvary

Verna Stoltz alikuwa mtu wa shaka. Ukimsalimia asubuhi njema, anachungulia dirishani kwanza. Tabia hiyo ilimfaa kazini, maana alikuwa msomaji wa maombi ya kujiunga na chuo cha Aldersby, kule vilimani Pennsylvania, ambako wanaoomba nafasi ni wengi na wanaopokewa ni wachache mno.

Maksi za darasani aliziamini nusu. Zipo shule zinazogawa A kama peremende. Mtihani wa taifa aliuamini robo, kwa kuwa wenye nazo hulipia walimu wa kuwafundisha mitego yake. Lakini shughuli za nje ya masomo, weee! Hapo ndipo damu ilipomchemka.

"Huyu kaanzisha shirika la kuokoa nyuki," alimwambia Dwight Amsel, mkuu wa ofisi. "Nyuki wenyewe wana habari?"

"Verna, wewe utamshuku hata mama yako."

"Mama ndiye niliyeanza naye."

Majira hayo ya baridi likamfikia ombi la Danica Hudak, binti wa Gilvary, mji ambao machimbo yake ya makaa yalishafungwa. Maksi safi kabisa. Mtihani wa taifa chini kidogo ya wenzake. Kwenye shughuli, kaandika kitu kimoja tu: kila Ijumaa ya Kwaresima anakaanga samaki wa kuuzwa katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, ili kukichangia fedha, na tangu bibi yake augue, yeye ndiye mkuu wa jiko. Basi mambo yalikuwa wazi. Samaki wakikubaliwa, binti anaingia. Wakikataliwa, hana chake.

"Hii imetungwa," Verna akasema. "Siku hizi kuna washauri wa kulipwa wanaowafundisha watoto wa matajiri kujifanya maskini."

"Gilvary hakuna tajiri, Verna."

"Ndivyo wanavyotaka uamini."

Msomaji haruhusiwi kwenda kumchunguza mwombaji kwao. Verna alilijua hilo vizuri. Ijumaa ikafika, akavaa koti lake zuri la sufu, akaendesha gari mpaka Gilvary.

Mlangoni alikaa Bernie Yurick, mzimamoto mstaafu, akikata tiketi.

"Namtafuta Danica Hudak. Nasikia anapika hapa."

Mzee akalitazama lile koti, akatazama viatu. "Nani?"

"Hudak."

"Mama, huko jikoni ni wazee watupu. Jina hilo silijui." Akaigeukia foleni. "Jamani, yupo anayemjua Danica Hudak?"

Foleni nzima kimya. Mmoja akakohoa.

"Umeona mwenyewe," akasema mzee.

Verna alifurahi, tena furaha mbaya ile ya kumnasa mtu. Hata hivyo alikuwa na njaa, akakaa. Akaletewa sahani na msichana mwenye kovu la mafuta mkononi.

"Nikuongeze kabichi, mama? Unaonekana umetoka mbali."

Samaki alikuwa mtamu ajabu. Alikula mpaka makombo.

Siku ya kamati, Dwight akalisoma jina la Danica. Verna akasema huyo hapana.

"Sababu?"

Angesemaje, na safari yenyewe ilikuwa ya kuvunja kanuni? "Dwight, niamini tu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Verna Stoltz kuomba aaminiwe! Lakini walimwamini, kwa kuwa hajawahi kuomba. Wanaomkubali Danica wanyooshe mikono, Dwight akasema. Haukunyooka hata mmoja.

Kwaresima iliyofuata, Verna akawatamani wale samaki. Akarudi Gilvary. Msichana wa kovu sasa alikuwa anapakua mwenyewe.

"Mama wa koti!" akacheka. "Mwaka jana ulitutia kiwewe wewe! Mzee Bernie alijua umetoka ustawi wa jamii, umekuja kunichukua. Bibi alikuwa amelazwa, mimi niko peke yangu nyumbani, hata kumi na minane sijatimiza. Wakanikana wote. Ukumbi mzima!"

Verna akalitazama lile kovu. "Kwa hiyo wewe ndiye..."

"Danica. Mwenyewe."

"Na masomo?"

"Niliomba Aldersby, basi. Wakanikataa. Nadhani ule mtihani." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Haya, leo niambie. Ulikuwa unanitafutia nini?"

Angeweza kusema alikosea mtu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na binti huyu angeliamini, maana uso wake haukuwa na shaka hata chembe.

"Nilitaka kujua kama kweli unapika," Verna akasema. "Natoka Aldersby."

Kijiko kikasimama juu ya sufuria. Danica akamtazama, kisha akamtazama Mzee Bernie pale mlangoni, aliyekuwa anawapungia mkono wote wawili kwa furaha. Akaweka samaki kwenye sahani, akaisukuma mbele. Ya kabichi hakuuliza.

"Anayefuata," akaita.