Herufi za Mnyauko

Nilitoka Mwea, kule chini kwenye joto, na miche ya nyanya kwenye kopo la rangi, udongo wake bado mbichi. Ilikuwa zawadi kwa mama mmoja mjane, nje kidogo ya Kiganjo, aliyenipa kitanda stoo kila nilipochoka kuzurura. Tuliipanda upande wa juu wa shamba lake la viazi, maji ya mvua yanapoanzia kuteremka.

Viazi havijatoa maua, majani yakalala kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Wiki chache baadaye jirani wa chini akapatwa na yaleyale. Mama ndiye aliyempa mbegu, kama wanawake wa pale wanavyogawiana viazi vidogo kila msimu. Basi lawama ikapata pa kukaa.

Mama alikuwa kwenye ngwatio, kundi la wanawake wanaolimiana kwa zamu. Zamu yake ilipofika, hawakuja. Alikuwa amewapikia githeri sufuria nzima. Tuliila wawili siku tatu.

"Ati mbegu yangu ni chafu," alisema. "Na wamekula hiyo mbegu tangu niolewe hapa."

Niliacha shule darasa la sita, lakini jambo nisilolielewa huniwasha. Nilimtafuta afisa wa kilimo. Alikata shina, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji, na uzi mweupe ukateremka. Bakteria, alisema, ila uzi hauonyeshi ni wa aina gani. Alichukua sampuli ya kila kilichonyauka, hata nyanya, akapeleka maabara. Majibu yalipokaribia nikayafuata mwenyewe. Nilitaka kumrudishia mama jina lake.

Dada wa maabara alinivumilia. Alinieleza kwamba mnyauko huu huletwa na spishi zinazofanana mno, hata darubini haizitenganishi, kwa hiyo wao husoma jeni herufi kwa herufi. Herufi zenyewe ni nne tu, zinajirudiarudia. Alipanga mistari kwenye kompyuta, mmoja juu ya mwingine, akapitisha kidole. Karibu yote ililingana. Kisha hapa G, pale A. Mstari wa kiazi cha mama haukuwa ule waliozoea kuukuta kwenye mbegu za huku juu kwenye baridi. Ulikuwa wa spishi ya mashamba ya joto, na ulilingana na wa nyanya herufi zote.

"Hizi nyanya zilitoka wapi?" aliuliza.

Nilimwambia.

Jumapili, baada ya ibada, niliwaeleza wanawake wa ngwatio kwamba mbegu ya mama ni safi, ugonjwa niliuleta mimi. Walinisikiliza vizuri. Mkubwa wao akauliza kama ugonjwa huo hutoka udongoni. Nilijibu nilivyoambiwa: hukaa miaka, na husafiri na maji ya mvua na matope ya jembe na viatu.

"Basi hakuna mtu wetu atakanyaga huko," alisema. "Kwake na kwa huyu wa chini. Mbegu mtu hubadilisha. Udongo utabadilisha na nini?"

Mama alisubiri tufike nyumbani.

"Mbegu wangenisamehea msimu ujao," alisema. "Ungenyamaza tu, kijana."

Kung'oa shamba lile, kazi ya asubuhi moja kwa ngwatio, kulituchukua siku tisa. Ng'ambo ya ua, jirani wa chini aling'oa vyake peke yake. Hakuinua kichwa, nasi hatukumwita.