Chumba cha Kukodi Mudhaibi

Nimekana kwa miaka mingi, mbele ya wadogo zangu na hata mbele ya mume wangu, kwamba utotoni niliwahi kuwaonea wivu watu walionuka samaki. Leo nakiri. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, tukikaa fleti ya orofa ya pili Al Khuwair, mjini Maskati, na mapumziko ya wiki wakati huo yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Jumatano alasiri, wafanyakazi wa wizara wakisharudi kutoka kazini, uwanja wa magari chini ya dirisha letu ulijaa harufu ya petroli, ya kahawa ya iliki, na ya nguru wa soko la Matrah waliolazwa kwenye masanduku ya barafu yaliyovuja maji mpaka barabarani. Majirani walikuwa wakienda bilad, yaani kwenye miji ya asili yao huko ndani, nyuma ya milima, ambako samaki mbichi ni zawadi ya maana. Magari yaliondoka moja moja, na ikifika magharibi jengo zima lilikuwa kimya, tumebaki sisi na mlinzi. Jumamosi darasani kila msichana alisimulia bilad yao: mfereji alioogelea, mbuzi aliyempiga pembe. Mimi nilisema sisi tulipumzika, huku nikibetua midomo ili waone kwamba kupumzika ndiko nilikokutaka. Baadaye chuo kikuu nilifundishwa maneno marefu ya kuueleza wivu huo, nikayajazia kurasa nyingi bila kumtaja samaki hata mara moja.

Si kwamba hatukuwa na bilad. Marehemu babu Khamis alizaliwa Mudhaibi, mji mdogo wa mkoa wa Sharqiya ambao kwenye ramani ya ukutani ofisini kwa Baba uliandikwa kwa herufi za kutafutia miwani. Aliondoka angali kijana, akaenda Unguja, akaoa, akazaa, akafia huko. Baba alipohamia Maskati miaka ya sabini alikuja na mama yake na jina la mji, basi. Kutoka mlangoni kwetu mpaka Mudhaibi ulikuwa mwendo wa asubuhi moja, na gari tulikuwa nalo, lakini miaka ilipita asiende. Kila mara ilipatikana sababu: joto, mitihani, tairi. Jamaa aliyemjua huko ni mmoja tu, Ami Nasor, binamu yake mkubwa, aliyewahi kuuza dukani Pemba ujanani kisha akarudi kwao. Walikutana mara moja, kwenye msiba Matrah, wakapeana mikono na nambari za simu, na Ami Nasor akasema karibuni, kwa namna ambayo kila mtu husema karibuni.

Majira ya baridi ya mwaka niliotimiza miaka kumi, Baba alitangaza wakati wa chakula kwamba tutakwenda. Usiku mmoja tu: kuondoka Alhamisi baada ya alfajiri, kurudi Ijumaa baada ya sala. Sijaona tena safari fupi iliyopangwa kwa jasho namna ile. Ilianza na zawadi. Baba alitaka halua.

"Halua?" Bibi, mama yake, alimkazia macho. "Wenyewe ndio wapishi. Unawapelekea wakuonjee?"

"Basi samaki," Mama akasema.

"Samaki atanukisha gari."

"Atanukisha gari, Baba Zuwena, au unaona haya kubeba sanduku kama wenzio?"

Mimi, Zuwena mwenyewe, nilikuwa upande wa samaki kwa moyo wangu wote, lakini sikuulizwa. Baada ya zawadi ikaja adabu. Kiarabu chetu cha nyumbani kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili mpaka hakijulikani mwanzo wala mwisho, na huko ndani watu husalimiana kwa utaratibu wake: mwenyeji huuliza habari za ulikotoka, nawe hujibu kwamba hakuna habari, hata kama nyumba yako imeungua jana. Baba alitupanga mstari sebuleni, yeye akawa mwenyeji. Mdogo wangu wa kiume alipoulizwa habari akaanza kueleza friji letu lilivyoacha kugandisha. Baba akashika kichwa. Bibi alicheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Mwache. Huyu ndiye pekee nnayemwamini humu ndani. Na huo usiku mmoja wako, Salum, mimi siuelewi. Ukinywa kahawa nyumba hii, na ya pili yake ina haki, na ya tatu itanuna. Unakwenda kuzuru watu au kusoma mita za umeme?"

Jumatatu Baba akafanya jambo ambalo ni mtu wa ofisini tu angelifanya. Alipiga simu nyumba ya wageni iliyokuwa juu ya kituo cha petroli, pa kuingilia mjini Mudhaibi, akakodi chumba. Karani alipomuuliza jina, Baba, ambaye wizarani alijulikana kwa majina mawili, alilitoa lote: Salum bin Khamis bin Nasor, na kabila juu yake. Alilitamka polepole, kama mtu anayelijaribisha.

Jioni nilikuwa nikirudisha sahani jikoni nikamsikia Mama.

"Hoteli, katika bilad ya baba yako? Unataka watuseme?"

"Fikiri tumebisha hodi," Baba akajibu kwa sauti ya chini. "Mtu akafungua akaniuliza, wewe nani? Na watoto wamesimama nyuma yangu. Nikiwa na chumba nitasema tulikuwa tunapita tu. Watoto hawatajua kitu."

Nikabaki nyuma ya mlango na sahani zangu. Mpaka siku hiyo nilidhani tatizo ni tairi.

Siku hizi nakaa Al Khoudh, Maskati vilevile, na barabara ya Sharqiya imepanuliwa. Wanangu hulala tukiondoka na kuamka tukifika. Wao hulitaja neno bilad kwa uchovu, kama nilivyolitaja mimi neno hesabu, na huuliza kama huko mtandao umetengenezwa. Kupanga safari ni kutuma ujumbe kwenye kundi la ukoo, na kabla sijaiweka simu watu wameshaanza kugombana nani atatulaza. Nami, mwanamke mzima mwenye shahada zangu, hulalamika kwamba nyumba za kunywea kahawa ni nyingi mno. Uchovu wao naufurahia kuliko wanavyojua. Hawajawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kubisha hodi kwao na asijulikane, na sioni haja ya kuwafundisha hofu hiyo. Lakini wiki ile, fleti nzima ilikuwa nayo, kila mmoja akijifanya anashughulika na kitu kingine.

Simu ililia Jumanne baada ya magharibi. Baba akapokea, akanyoosha mgongo, akaanza zile salamu za Kiarabu alizotufundisha, ila hakufika mbali. Sauti ya Ami Nasor ilitoka kwa Kiswahili cha dukani, kwa nguvu hata Baba akauondoa mkono wa simu sikioni, na sote tukaisikia.

"Salum! Nnatoka msikitini sasa hivi. Mwenye nyumba ya wageni kanishika mkono mbele za watu, ananambia mwana wa Khamis kakodi kwake kitanda. Mbele za watu, yakhi!"

"Ndugu yangu, nliona tusikulemeeni..."

"Kunilemea nini? Khamis ana chumba katika nyumba hii tangu babu yetu yu hai. Kweli tunaweka tende humo, sikufichi, lakini jina hatujalibadilisha, watoto wote hapa wanakiita chumba cha Khamis. Leo nimewaambia vijana wazitoe hizo tende. Sasa nambie, Alhamisi mnalala wapi?"

Bibi akainuka pale alipokaa, akamnyang'anya Baba mkono wa simu.

"Kwa Khamis," akasema, na akakata kabla Baba hajapata la kuongeza.